Jina lako lilipotelea wapi? Historia ya maelezo ya programu zinazotuandikisha

Kila mara kunapofanyika uandikishaji wa familia zilizokimbia vita huku Walikale na Masisi, siku chache baadaye watu wanaanza kufika kwenye mlango wa radio na swali moja. Mama anasema: "Niliandikishwa, nilionyesha karte yangu ya uchaguzi, kijana alibonyeza telefone mbele yangu. Sasa wanasoma majina na mimi simo. Jina langu limekwenda wapi?"

Kuna nyakati jina linapotea kwa wizi, na hiyo tumeitangaza mara nyingi. Leo nataka kueleza njia nyingine ambayo jina hupotea bila mwizi yeyote. Njia hiyo ina historia ndefu. Inaanzia Marekani, inapita Dar es Salaam, Nairobi na Uganda ya kaskazini, halafu inafika kwenye telefone ya yule anketeri aliyesimama mbele ya hema lako. Ni historia ya programu za telefone na kompyuta, lakini zaidi ni historia ya maelezo yake, yaani zile karatasi na kurasa zinazomwambia mtu: bonyeza hapa, kisha pale.

Familia kumi na tisa

Kwanza nikiri kosa langu. Miaka michache iliyopita, wakati mtambo wetu ulikuwa umenyamaza kwa kukosa mafuta ya jenereta, nilipata kazi ya siku nne ya uanketeri kwenye saiti moja ya wakimbizi wa ndani, upande wa Masisi. Shirika lililotuchukua sitalitaja. Tulifundishwa asubuhi moja tu. Kila mmoja alipewa telefone yenye programu ya kujaza maswali, na karatasi nane za maelezo. Karatasi hizo zilikuwa za Kiingereza, na nusu yake ilikuwa imetafsiriwa kwa Kifaransa. Waliozisoma usiku ule walikuwa wachache, na mimi sikuwa mmoja wao.

Ulipomaliza maswali ya familia moja, skrini ilikuonyesha kisanduku kidogo cha kuweka alama, na chini yake kifungo cha kuhifadhi na kutoka. Kwenye kisanduku kulikuwa na neno la Kifaransa finalisé. Mimi nilielewa hivi: maana yake nimemaliza kabisa na familia hii. Basi kwa familia ambazo karte zao hazikuwa karibu, niliondoa alama ili nirudi kesho. Kesho nilirudi kweli, nikaona karte, nikasahihisha, nikabonyeza kuhifadhi. Sikujua kwamba alama niliyoiondoa hairudi yenyewe. Na bila alama ile, fomu haiendi popote. Inabaki ndani ya telefone kama barua iliyoandikwa ikasahauliwa mfukoni.

Tulirudisha telefone, tukalipwa, tukaondoka. Orodha iliposomwa, familia kumi na tisa nilizoziandika mimi hazikuwamo. Mkubwa wetu wa timu alikuwa mtu mwenye bidii, akaitafuta telefone yangu akazikuta zote. Lakini telefone ya mwenzangu ilikuwa imekwisha kufutwa na kupewa mtu mwingine. Wa kwake walingoja uandikishaji uliofuata, na ulikuja baada ya miezi miwili. Mmoja wao, mama wa watoto watano, alinikuta sokoni akanisalimu kwa heshima: "Papa wa radio, wewe si ulikuwa na yule kijana aliyetuandika?" Sikupata jibu la kumpa.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta kujua neno lile lilitoka wapi, na nani aliamua kwamba mtu wa Masisi ataelewa.

Programu huru, na nani anaandika maelezo yake

Programu nyingi zinazotumika kutuandikisha ni za namna inayoitwa programu huru, au programu za msimbo wazi. Ni kama jirani anayekupa sahani ya sombe na kukuonyesha pia jinsi alivyoipika. Unaweza kuipika mwenyewe, kuongeza mawese, kumfundisha mwingine. Programu ya kawaida ya kununua ni sahani tu, na jiko limefungwa.

Harakati hizo zilianza mwaka wa 1983, pale Mmarekani Richard Stallman alipotangaza mradi wake wa GNU, na mwaka wa 1985 akaanzisha shirika la kutetea programu huru. Mwaka wa 1991, mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, akatoa Linux. Leo hii telefone za Android, zikiwemo hizi tunazochaji kwa sola pale sokoni, zinatembea juu ya Linux.

Lakini tangu mwanzo kulikuwa na pengo. Wanaojitolea kuandika programu wanapenda kuandika programu. Kuandika maelezo wanaona ni kazi ya kuchosha. Stallman mwenyewe aliandika katika miaka ya 1990 kwamba upungufu mkubwa wa mifumo huru haukuwa katika programu zenyewe, ulikuwa katika ukosefu wa vitabu vizuri vya maelezo ambavyo navyo viko huru. Mwaka wa 2000 shirika lake lilitoa ruhusa maalumu ya maandishi: yeyote anaruhusiwa kuchukua kitabu cha maelezo kilicho chini ya ruhusa hiyo, kukinakili, kukibadilisha na kukigawa, mradi asiwafungie wengine. Ruhusa nyingine za namna hiyo zilifuata.

Ruhusa ilipatikana, lakini uwezo wa kueleweka haukuja pamoja nayo. Anayejua kitu sana husahau jinsi alivyokuwa kabla ya kukijua. Ni kama mwenyeji anayemwelekeza mgeni: "Ukifika pale palipokuwa na mwembe wa muzee, kata kushoto." Mwembe ulikatwa zamani. Mwenyeji bado anauona kichwani mwake, na mgeni anapotea.

Dar es Salaam, mwaka wa 2004

Kwa sisi tunaosema Kiswahili, hatua kubwa ilifanyika Tanzania. Mwaka wa 2004, walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ndogo ya Sweden inayoitwa IT+46, walikaa na programu huru ya ofisi, OpenOffice, na kuanza kuigeuza iseme Kiswahili. Mradi waliuita Kilinux. Mwishoni mwa mwaka huo walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika barua na kupiga hesabu ambayo vifungo vyake vilikuwa vya Kiswahili.

Kazi yao ngumu haikuwa ya kompyuta. Ilikuwa kukubaliana juu ya maneno. Kabla ya kutafsiri hata skrini moja ilibidi kutengeneza orodha ya istilahi, ili jambo moja liitwe kwa neno moja kila mahali. Ukiita kitu kimoja faili leo, kesho jalada, na keshokutwa hati, msomaji atafikiri ni vitu vitatu. Hiyo ni kanuni ya kwanza ya maelezo yanayosomeka, na watu wa Dar es Salaam waliifuata kabla wengi wetu hatujagusa kompyuta.

Lakini Kiswahili cha Dar es Salaam na chetu ni ndugu wa baba mmoja waliolelewa nyumba mbili. Mtu wa kule akisoma neno kaya anaelewa mara moja ni watu wanaokula chungu kimoja. Huku Walikale ukimuuliza mama kuhusu kaya yake, atakuangalia tu. Sisi tunasema familia, au menaji, au nyumba. Wakiandika rasimu, kule wanaelewa ni kazi ambayo haijaisha. Huku hilo ni neno la redioni, na hata redioni hatulitumii sana. Tafsiri inaweza kuwa sahihi kabisa kwenye kamusi na bado isimfikie mtu.

Nairobi na Kivu, mwaka wa 2008

Mnamo Januari 2008 Kenya ilikuwa inaungua baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu elfu moja waliuawa na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Kundi dogo la vijana, miongoni mwao Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, lilitengeneza kwa siku chache tu tovuti iliyopokea taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Waliipa jina la Kiswahili: Ushahidi. Baadaye waliifanya programu huru, ili nchi yoyote iweze kuitumia.

Wasikilizaji wengi hawajui kwamba Ushahidi ilikuja kwetu mwaka huo huo. Mnamo Novemba 2008, wakati waasi wa CNDP wa Laurent Nkunda walikuwa wamefika karibu na Goma na watu wa Rutshuru na Masisi walikuwa barabarani na magodoro kichwani, ukurasa wa Congo ulifunguliwa. Mtu aliweza kutuma taarifa kwa ujumbe mfupi wa telefone, kwa barua pepe au kwa kujaza fomu kwenye intaneti.

Ukurasa ule haukupata mizizi kama Nairobi. Si vigumu kuona sababu. Kenya ilikuwa na mtandao wa telefone karibu kila mji, na waanzilishi wengi walikuwa Wakenya wanaosema na Wakenya. Huku kwetu, mtu wa Nyabiondo au Kashebere angejuaje namba ya kutuma? Angejuaje aandike nini: jina la kijiji, saa, nani alifanya, nani aliona? Angetuma kwa lugha gani? Na akiisha kutuma, nani angemwambia kwamba imepokelewa, na kwamba jina lake halitaonekana? Maswali haya yote ni kazi ya maelezo. Mashine ilikuwepo, lakini hakukuwa na mtu aliyemweleza raia wa Kivu kwa lugha yake jinsi ya kuitumia na hatari zake.

Waliosimamia Ushahidi walijifunza. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti mnamo Januari 2010, ujumbe wa watu uliingia kwa Kikreyoli na Wahaiti waliokuwa nje ya nchi walijitolea kuutafsiri. Mwaka huo huo walifungua huduma iliyomwezesha mtu kuanzisha ramani yake bila kujua kazi ya kufunga programu kwenye kompyuta kuu. Na mwaka wa 2011, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, walitoa vitabu vidogo vya kuongoza wanaotaka kuanzisha mradi: kwanza jiulize kama unahitaji ramani, kisha utaiendesha vipi, kisha matokeo utamrudishia nani. Watu wa Ushahidi walikuwa wakirudia kusema kwamba teknolojia ni sehemu ndogo tu ya kazi, na sehemu kubwa ni watu.

Sisi wa Walikale tunajua gharama ya habari isiyofika. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, vijiji 13 vya barabara ya Kibua hadi Mpofi, Luvungi ikiwa kati yao, vilivamiwa, na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Barabara ile haikuwa na mtandao wa telefone. Dunia ilisikia karibu wiki tatu baadaye. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: karatasi nzuri ya maelezo haiwezi kuchukua nafasi ya antena, wala ya askari anayefanya kazi yake. Lakini antena imefika sehemu nyingi sasa, na bado kuna ushahidi na majina yanayopotea.

Kutoka karatasi hadi telefone

Zamani uandikishaji ulikuwa wa karatasi. Mvua ilinyesha, karatasi zikalowa, mtu mwingine Goma akanakili majina kwenye kompyuta na kuandika Bahati badala ya Bahati mwingine. Mwaka wa 2008, Profesa Gaetano Borriello na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walianza kutengeneza programu huru ya kujaza fomu kwenye telefone za Android, iitwayo ODK. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa kati ya nchi za mwanzo kuitumia, hasa kwenye kazi za afya.

Upande mwingine, watafiti Patrick Vinck na Phuong Pham walikuwa wakifanya uchunguzi kwa watu waliopitia vita Uganda ya kaskazini, na mwaka wa 2007 walihoji watu mashariki mwa Congo pia, Kivu zote mbili na Ituri. Kutoka kazi za namna hiyo walijenga Kobo, na programu yao ya telefone ilijengwa juu ya ODK, kwa sababu ODK ilikuwa huru na hakuna aliyewazuia. Mwaka wa 2014, OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoratibu misaada, iliungana nao ili mashirika ya misaada yatumie chombo hicho. Ndiyo maana ukikutana na anketeri leo katika saiti yoyote ya jimbo letu, mara nyingi ni hiyo iliyo mkononi mwake.

Jinsi inavyofanya kazi ni rahisi. Mtu wa ofisini anaandika maswali kwenye jedwali la kompyuta, mstari mmoja kwa swali moja. Kando ya swali anaweza kuweka safu za lugha: Kifaransa hapa, Kiswahili pale, Kinyarwanda au Kinande pengine. Anaweza pia kuweka chini ya swali maelezo madogo ya kumwongoza anketeri. Fomu inaingia kwenye telefone, na telefone haihitaji mtandao wakati wa kuuliza. Majibu yanangoja ndani mpaka mtandao upatikane, kisha yanatumwa.

Neno "yanangoja" ndilo lenye hatari. Nguvu ya programu hii huku porini ni kwamba inaweza kungoja, na udhaifu wake ni kwamba anketeri asiyeelewa hajui kuwa bado inangoja.

Walivyoandika upya

Kwa miaka mingi maelezo ya ODK yalikuwa yametawanyika. Ukurasa huu uliandikwa na mwalimu, ule na mwanafunzi aliyekwisha kuondoka, na mengine yalikuwa majibu ya maswali ya watu. Aliyekuwa na saa tatu za intaneti ya haraka aliweza kuunganisha. Anayenunua mega kidogo kidogo hakuweza.

Mwaka wa 2017 watu wa ODK waliamua kuandika maelezo upya, yote mahali pamoja, wakiongozwa na mtu ambaye kazi yake ni kuandika, siyo kutengeneza programu. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali waliruhusiwa kusahihisha: ukiona sentensi haieleweki, unapendekeza nyingine, na wengine wanaijadili kabla ya kuikubali.

Halafu, mwaka wa 2023, waligusa vifungo vyenyewe. Kwenye skrini ya kwanza ya programu ya ODK, maneno ya zamani kama kutuma fomu iliyofinalishwa yaliondolewa. Badala yake sasa kuna maneno ya kawaida: anza fomu mpya, ambazo hazijaisha, ziko tayari kutumwa, zimetumwa. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya kidogo. Kumbe sikuwa mjinga peke yangu. Anketeri wa nchi nyingi walikuwa wamejikwaa kwenye jiwe lile lile, na baada ya miaka kumi na tano mtu alisema: tusiendelee kuandika karatasi za kueleza jiwe, tuliondoe njiani.

Nimejifunza kitu hapo. Ukihitaji ukurasa mzima kueleza neno moja, mara nyingi neno ndilo baya, msomaji hana kosa.

Ukurasa mmoja wa Kiswahili chetu

Sisi wachache hapa, waandishi wawili wa radio, mwalimu mmoja wa shule ya msingi na mama mmoja kiongozi wa kamati ya wakimbizi, tulijaribu kufanya sehemu yetu. Tulichukua zile karatasi nane, tukaandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili chetu. Tulitumia kanuni za redioni, kwa sababu sentensi inayoeleweka ikisikika mara moja itaeleweka pia ikisomwa.

Tulisoma kila sentensi kwa sauti. Iliyotukata pumzi tuliikata vipande viwili. Hatua moja ilipewa mstari mmoja. Tulianza na kitendo: bonyeza, andika, uliza, ngoja. Tuliandika familia, hatukuandika kaya. Tuliandika tuma, hatukuandika wasilisha. Mahali pa neno finalisé tuliandika: "Weka alama hapa. Bila alama, familia hii haitafika." Kijana mmoja aliona sentensi hiyo ni kali mno, lakini mama wa kamati alikataa ilegezwe. Alisema anayeandika watu wenye njaa anafaa kuogopa kidogo.

Kisha tulimpa ukurasa kijana aliyemaliza shule ya sekondari na hajawahi kushika programu ile, tukakaa kimya tukimwangalia. Kila alipokwama tuliweka alama kwenye karatasi yetu, bila kumlaumu. Alikwama mara sita. Mara nne tuliandika upya. Mara mbili tulikuta kwamba tuliruka hatua, kwa sababu sisi tuliijua tayari. Mwembe wa muzee tena.

Mwalimu alitaka tuongeze Kinyanga na Kihunde. Wengine walisema anketeri wote wanasoma Kiswahili, tusijichoshe. Mwalimu alijibu kwamba anketeri anasoma, lakini anayeulizwa anasikiliza, na koko ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu atajibu ndiyo kwa swali asiloelewa, ili asimchoshe mgeni. Alikuwa na haki. Kazi hiyo bado hatujaifanya.

Wapo wanaotucheka. Wanasema chakula hakitoshi, hata majina yote yakifika wengine hawatapata. Ni kweli. Lakini jina lisilofika halihesabiwi hata katika upungufu, na anayeamua Goma au Kinshasa au Geneva hawezi kuona njaa ya mtu ambaye kwake hayuko.

Tulisahau jambo moja kubwa, na vita vilitukumbusha. Mnamo Machi 2025 M23 iliingia Walikale-centre, na watu walikimbia tena, hata wale waliokuwa wamekimbilia kwetu kutoka Masisi. Telefone yenye majina ya familia, vijiji walivyotoka na mahali wanapolala ni kitu cha hatari kwenye barieri. Ukurasa wetu wa kwanza haukuwa na mstari hata mmoja kuhusu hilo. Sasa upo, na tumeuweka juu kabisa: funga telefone kwa namba ya siri, tuma mara tu unapopata mtandao, na ukiona hakuna usalama, simamisha kazi.

Maswali manne kwa anketeri

Kwa familia zinazonisoma au kusomewa habari hii, siku ya uandikishaji mnaweza kuuliza maswali manne bila woga na bila matusi. Kijana wa watu naye anatafuta mkate.

La kwanza: "Mwanangu, nisomee jina langu jinsi ulivyoliandika." Msikilize, na kama limekosewa lisahihishwe hapo hapo.

La pili: "Umeandika sisi ni watu wangapi?" Watoto waliokwenda mtoni husahauliwa.

La tatu: "Fomu yangu imekwisha kwenda, au bado iko ndani ya telefone?" Kama bado, muulize itakwenda lini. Swali hili peke yake lingeokoa familia za mwenzangu.

La nne: "Jina langu litaonwa na nani?" Mna haki ya kujua kabla ya kujibu, na mna haki ya kukataa swali.

Kama mmepewa jetoni, iwekeni mahali pakavu na mkumbuke tarehe. Jina likikosekana, nendeni kwanza kwa kamati ya saiti mkiwa na jetoni na tarehe hiyo, kwa sababu kwa tarehe mtu wa ofisini anaweza kutafuta telefone iliyotumika siku ile kabla haijafutwa.

Na kwa vijana wetu wanaochukua kazi za anketeri: ukurasa ule mmoja uko kwenye meza ya radio, chini ya jiwe ili upepo usiupeleke. Mje muuchukue bure, muunakili, muubadilishe kama mnaona sentensi mbaya. Mkiubadilisha, mturudishie nakala. Mwenye kujua kuandika Kinyanga, Kihunde au Kikomo vizuri, tunamngoja Jumamosi baada ya matangazo ya asubuhi.